Supachaja iache kwanza

Ndugu unayetaka kufunga supachaja (mashine ya kusukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu) kwenye gari la Ford Mustang la 1967 lenye ile V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 390, iache kwanza. Injini hiyo ni chuma kitupu na uzito wote umelalia matairi ya mbele. Ukiiongezea nguvu, kwenye barabara iliyonyooka utafurahi; kona ikifika, gari linagoma kukata. Angalia Shelby, kampuni iliyokuwa ikiziboresha Mustang, walivyoitengeneza Mustang yao ya GT350 mwaka 1965: V8 ndogo ya 289, nguvu za farasi 306, boneti ya faiba, kiti cha nyuma hakuna. Toleo la mashindano likawekewa na madirisha ya plastiki. Hata betri za magari ya mwanzo waliziweka kwenye buti, ili nyuma nako kupate uzito.

Mimi ningetafuta V8 ndogo yenye silinda hedi (vichwa vinavyofunika silinda kwa juu) za aluminiamu. Pesa inayobaki iende kwenye breki: kama bado zipo za dramu, ng'oa, weka diski kubwa pande zote nne. Halafu springi na shokapu. Na usianze kukatakata bodi kabla hujafunga kizimba cha chuma ndani, bodi za zama zile zinapinda.