Magunia anayajua, herufi zinamkimbia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Kijana wangu ana miaka 10, yuko darasa la nne. Mwezi wa saba mnunuzi wa Dar alichukua magunia 14, kila gunia shilingi 62,500. Hajatoa hata simu apige hesabu, mtoto kashasema: “875,000. Ukitoa ushuru wa elfu moja kila gunia, mama anabaki na 861,000.” Mwaka jana umeme ulipokatika alifunga taa kwenye dinamo ya baiskeli mbovu, kaka yake akazungusha pedali, tukala ugali tunaonana.

Lakini kusoma, Mwalimu! Mstari mmoja ni muda wa kumenya kiazi. Nikimwambia aandike UYOLE kwenye gunia anaandika UYLOE. Shuleni wanasema mvivu, na fimbo kala. Tuisheni nimelipa mihula miwili, sijaona kitu. Mdogo wake wa kike, darasa la pili, ndiye anamsomea, na kumcheka anamcheka. Baba yake ni fundi wa mashine za kusaga. Anasema mwache, hata mimi shule ilinishinda. Mtoto huyu ana akili au hana? Ndaga fijo.
Mama Viazi, Uyole

JIBU: Marahaba, mama. Na kamwene, maana nakuandikia nikiwa Iringa.

Akili anazo. Na kusoma kunamshinda kweli. Sisi walimu tunachanganyikiwa hapo, kwa sababu tumezoea kudhani akili ni taa moja: imewaka au imezimika.

Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Ukimpa azidishe 749 kwa 867, anazidisha upesi na anapata. Jina lake mwenyewe aliliandika Precy. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyo ndiye angekuwa kijana mwerevu kuliko wote shuleni. Precy, Uyloe. Niliposoma barua yako nilicheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Siku hizi hali hiyo huitwa disleksia. Si uvivu, wala si kurogwa (najua jirani keshakushauri). Kichwa kinapata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Na kwa kuwa Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto wa namna hii mara nyingi anafika mwisho wa mstari, ila kwa mwendo wa kinyonga, na akifika kule ameshasahau mwanzo ulisemaje. Anayemtazama anaona uzembe. Kama mwanao ndiyo hali yake siwezi kuapa, sijamwona. Anza na hospitali apimwe macho na masikio, tusije tukalaumu kichwa bure.

Nina deni langu katika jambo hili. Nilikuwa na mvulana darasa la tatu ambaye zamu yake ya kusoma ikifika, anasoma vizuri bila kukwama. Siku moja nikapita nyuma yake, nikamfunulia ukurasa wa mbele. Akaendelea na habari ya mbuzi, na mbele yake pana picha ya basi. Kumbe kitabu kizima alikishika kwa kusikiliza wenzake! Kichwa cha namna hiyo, mama, nami nilichoona ni udanganyifu tu. Nikamchapa mbele ya darasa.

Tuisheni isimamishe. Kama ni somo lile lile, kwa kasi ile ile, hela hiyo nunua mbegu. Badala yake chukua dakika 15 kila jioni, zisizidi. Anza na sikio: taja neno, yeye aweke punje ya mahindi kwa kila silabi anayoisikia. Ha-wa-ku-tu-e-le-ze-a, punje nane. Baadaye tandaza unga kwenye ungo, aandike silabi kwa kidole huku anaitamka, moja moja, kisha mbili. Akichoka, acheni. Halafu wewe au kaka yake msomeeni kitu kigumu kinachomfaa, habari za mitambo, za umeme, chochote, kwa sababu sikio lake liko mbali sana mbele ya jicho lake na lisingoje.

Na dinamo msimnyang'anye ati mpaka ajue kusoma. Hiyo ndiyo adhabu ninayoiona katika nyumba nyingi, na ndiyo mbaya kuliko fimbo. Yule mdogo wake aendelee kumsomea maswali, ila na yeye kaka amfundishe hesabu. Kucheka kutapungua kwenyewe.

Shuleni usiende asubuhi wakati wa mstarini. Nenda mchana mwalimu akiwa ametulia, na daftari la mtoto mkononi, umsimulie ya magunia 14 kabla hujalalamika lolote. Omba mambo mawili: maswali asomewe, na ajibu kwa mdomo pale inapowezekana. Kisha mwombe mwalimu mkuu akuunganishe na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Wapo walimu waliosomea kazi hii, wengi Chuo cha Patandi kule Arusha. Jambo hili usilichelewe kwa sababu ya mitihani: Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwenye masomo mengine, lakini taarifa za mtoto lazima shule iwe imeshazipeleka mapema. Siku ya mtihani hakuna wa kukusikiliza.

Nimemwacha baba yake mwishoni makusudi. Hali hii hutembea katika koo. Mtu anayefungua mashine ya kusaga na kuifunga bila kusoma karatasi yoyote, anayesema shule ilimshinda, huenda naye ni Percy ambaye hakuna aliyemwandika. Msomee jibu hili jioni, kijana akiwepo. Kisha muulize ilikuwa darasa la ngapi alipoambiwa hana akili, nawe uende jikoni ukaangalie sufuria, uwaache wawili hao.