Maswali ya Wasomaji: Kahawa Chungu ya Nyumbani

SWALI: Nimezoea kahawa chungu ya barazani, ile inayouzwa kwa vikombe vidogo baada ya Alasiri, lakini nimehamia Dodoma kikazi na katika mtaa wetu muuza kahawa hapiti. Nililetewa buni mbichi kutoka Mbinga, nikazikaanga mpaka zikawa nyeusi tii, nikazitwanga na kuzichemsha zaidi ya nusu saa ili kahawa iwe kali. Nilichopata kilinuka moshi, kilikwaruza koo, na bado kilikuwa chepesi. Kosa liko kwenye buni, kwenye moto au kwenye maji?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Buni zako hazina kosa, kwani Mbinga hutoa arabika nzuri, moja ya aina kuu mbili za kahawa. Tatizo ni kwamba umeutafuta ukali kwa kuongeza moto na muda, ilhali ukali wa kahawa hutokana zaidi na wingi wa unga unaotia katika maji.

Tuanze na kukaanga, maana hapo ndipo kahawa nyingi za nyumbani huharibikia. Tumia kikaango kizito, moto wa wastani, na usiache kukoroga hata kidogo. Buni zitatoka kijani kwenda manjano, kisha kahawia, na zikikaribia nyuzi 200 za Selsiasi utasikia mpasuko wa kwanza, mlio unaofanana na wa bisi. Ukiziepua hapo utapata kahawa yenye uchachu, ambayo wanywaji wa barazani hawaitaki. Endelea kukoroga, mlio utanyamaza kwa muda, kisha utakuja mpasuko wa pili, ulio mwembamba na wa harakaharaka, huku mafuta yakianza kung'aa juu ya buni. Ukisubiri sekunde chache tu baada ya hapo umefika, na kila dakika unayoongeza inakupa masizi badala ya ladha. Zimwage mara moja kwenye ungo mpana na uzipepete nje ya nyumba, kwa sababu buni zilizorundikana huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe, na kupepeta huondoa pia yale makapi membamba ambayo yakiungua huleta harufu ya moshi unayoilalamikia. Usishangae kilo moja ya buni mbichi ikikurudia na gramu 800 na ushei, kwa kuwa maji yamekwenda na moshi. Zipumzishe hadi kesho yake ndipo utwange, tena utwange za siku hiyo tu, maana unga hupoteza harufu upesi kuliko buni nzima.

Katika kupika, kipimo cha kawaida ni takriban gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji, lakini kwa kahawa ya vikombe vidogo ningekushauri utie gramu 80 hadi 100. Chemsha maji kwanza, tia unga, punguza moto, acha povu lipande na kushuka kwa dakika tano hivi, kisha epua na usubiri machicha yatuame. Utauliza mbona muuza kahawa huliacha dele, yaani birika lake la kahawa, juu ya makaa jioni nzima. Makaa yale ni machache, ya kutunza joto tu, na dele la mwenye wateja halikai muda mrefu bila kumalizika.

Tangawizi kavu na iliki twanga pamoja na buni. Karafuu, kwa maoni yangu, hufunika kila kitu. Sukari iache kwenye kashata au tende. Ukiona kahawa bado haina uzito mdomoni, changanya na robusta, ile aina nyingine kuu ya kahawa, ya Kagera, sehemu moja kwa mbili za arabika, ila ukumbuke kwamba kafeini yake inakaribia mara mbili ya ile ya arabika.

SWALI: Mume wangu hunywa kahawa tungu iliyokaangwa sana, na mimi nina mimba. Je, ni kweli kwamba kadiri kahawa ilivyo nyeusi ndivyo kafeini inavyozidi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kweli. Kukaanga hubadilisha kafeini kidogo sana. Kinachoiongeza ni aina ya buni na wingi wa unga. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya huwashauri wajawazito wasizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, chai na soda zikihesabiwa humo, na watu wazima wengine wenye afya wasizidishe 400. Kwa kuwa kipimo cha nyumbani hubadilika kila unapopika, kikombe kimoja au viwili vidogo vya arabika kwa siku vinakutosha, nawe mweleze mkunga wako unachokunywa. Mumeo, iwapo ana lehemu (kolesteroli) nyingi katika damu, afahamu kwamba kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa hubaki na mafuta yanayoipandisha. Akiipitisha kwenye chujio la karatasi, sehemu kubwa ya mafuta hayo hubaki humo.