Daktari aliponiuliza kama nilikunywa, nilisema ni tembo tamu tu

Juma lililopita msomaji mmoja, mjamzito wa miezi minne, aliniuliza iwapo glasi ya tembo tamu, yaani utomvu wa mnazi, lililogemwa asubuhi hiyo hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nimekawia kumjibu kwa sababu swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi, hapa hapa Malindi, miaka 12 iliyopita.

Mavyaa wangu, aliyenipenda kwa dhati, aliniambia kwamba tembo tamu huongeza damu, nami nikanywa karibu kila jioni hadi mwezi wa sita. Hatukujua kwamba utomvu wa mnazi huanza kuchacha ungali juu ya mti, ndani ya kibuyu cha mgema, na kwamba ifikapo jioni huo utamu tunaousifu umekwisha kuchanganyika na pombe.

Mwanangu alizaliwa na uzito mdogo. Shuleni alisahau leo aliyoyasoma jana, na nikimtuma dukani kununua vitu viwili alirudi na kimoja. Mwalimu wake mmoja, ambaye bado sijamsamehe, alimwita mjinga mbele ya darasa zima. Alipokuwa na miaka tisa, daktari wa watoto aliniuliza kama nilikunywa pombe nikiwa mjamzito. Nilijibu, "La, nilikunywa tembo tamu tu." Akaweka kalamu chini.

Alinieleza kwamba pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, ambaye ini lake ni changa mno kuivunja, na kwamba nyingine hubaki katika maji yanayomzunguka, naye huyameza tena. Huua chembe za ubongo au huzifanya zihamie mahali pasipo pake. Huweza kudhoofisha daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, na pia sehemu ya mbele inayotuwezesha kupanga mambo na kujizuia. Uso wa mwanangu hauna alama yoyote, na ndivyo walivyo wengi wa watoto waliodhuriwa na pombe tumboni, kwa kuwa uso huumbwa katika majuma machache ya mwanzo ilhali ubongo hukua muda wote wa mimba.

Wala si elimu mpya. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Ufaransa aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi, na mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa huo wa watoto waliodhuriwa na pombe tumboni jina, kwa Kiingereza "fetal alcohol syndrome". Mimi nilikuwa sijazaliwa, na bado habari hiyo haikunifikia!

Basi, dada yangu, acha leo. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, liwe tembo, bia au divai, wala hakuna mwezi ulio salama. Lakini kila siku unayoacha ni siku ambayo ubongo huo unakua bila sumu. Nanyi waume mnaowaletea wake zenu chupa kutoka mangweni kama zawadi, mna sehemu yenu katika dhambi hii.

Mwezi uliopita mwanangu alikwenda sokoni peke yake akiwa na karatasi niliyomchorea picha, akarudi na vitu vyote vinne na chenji kamili. Nililia jikoni.

Ukienda kliniki, mwambie mkunga ulikunywa nini, lini na kiasi gani, hata akikukunjia uso. Mimi nilinyamaza kwa miaka tisa.