Kiharusi: mkono uliolala ufanye kazi pamoja na mwenzake

Pole sana kwa kuuguza, mkuu. Umesema mzee ana mwezi wa pili tangu apate kiharusi, mkono wa kushoto umelala, na nyumbani kazi ni kumchua mafuta asubuhi na jioni. Mama yangu tulimchua hivyohivyo miezi mitatu. Mwili ulilainika, mkono haukujifunza lolote. Kilichoumia ni ubongo, mkono wenyewe mzima. Ubongo hutengeneza njia mpya pale mgonjwa anapojaribu mwenyewe, tena na tena. Ukimchua, anayefanya kazi ni wewe.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alituanzishia mikono yote miwili kwa pamoja. Mama anakaa kwenye kiti, nyayo zimekanyaga chini, mbele yake meza na taulo. Anafumbata vidole, mkono ulio mzima umeushika ule mgonjwa, anasukuma taulo mpaka viwiko vinyooke, anarudisha. Wiki zilivyokwenda akaiachanisha, kila mkono na taulo lake. Mimi nagonga meza kwa kijiko, yeye anafuata mdundo, macho hayabanduki kwenye ule mgonjwa, wa kushoto. Mara thelathini, anapumzika, anarudia. Wengi wanafanya mara kumi kwa siku wanaona wamemaliza. Hiyo haitoshi kabisa.

Kisha tukahamia kazi anazozijua: kukunja khanga, kusukuma chapati. Siku moja anakanda unga kwa mkono wa kulia, nikaona wa kushoto umebana bakuli lisizunguke. Kidole gumba kimeingia ndani ya ukingo, kucha imejaa unga. Hakuna aliyemwambia aushike. Nilitoka nje nikalia.

Miguu nayo msiisahau: ainuke kwenye kiti uzito ukigawanyika miguu yote miwili, na mtu awe karibu asije akaanguka.

Kuna watakaokushauri mfunge mkono ulio mzima ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Njia hiyo ni ya kweli, imetokana na kazi ya Edward Taub wa Marekani, na utafiti mkubwa uliotoka 2006 ulionyesha inawasaidia wagonjwa wa miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Lakini inataka kiganja na vidole viwe tayari vinaweza kunyanyuka kidogo. Mama hakuwa na hata hicho, ndiyo maana mikono miwili ilitufaa.

Na nakuomba sana: msimwinue kwa kumvuta mkono uliolala, wala kumshika kwapani. Misuli ya bega lile imelegea, haiwezi kulishikilia. Ndugu yetu mmoja alimvuta mama kumtoa kitandani, bega likauma wiki nyingi na mazoezi yakasimama. Mkono ulale juu ya mto anapokaa. Dawa za presha asiruke hata siku moja.

Sasa niambie: mzee anaweza kupandisha bega, au kutikisa kidole chochote? Ukinijibu hilo nitakueleza tulianzia wapi.