Maswali ya Wasomaji: Mzigo Umeondoka, Pesa Haijaingia

Tuliwaomba wasomaji wanaouza bidhaa mtandaoni hapa Nairobi watuandikie kuhusu wateja wanaolipa hewa, wanaolipa kisha wakairudisha pesa, na wanaolipa kwa mkono wa mtu mwingine. Barua zilikuwa nyingi. Zilizofanana tumezijibu pamoja.

Nauza viatu kupitia Instagram. Mteja alinitumia ujumbe wa M-Pesa wa Sh7,600, nikamruhusu mtu wa boda aondoke na pea mbili. Jioni nilipoangalia salio, hakuna kitu. Nitautambuaje ujumbe feki wakati nahudumia watu kumi kwa mpigo? – Dada wa Umoja

Dada, anza kwa kuuliza ujumbe umetoka kwa nani. Ujumbe halali wa kupokea pesa huingia kwa jina MPESA, na hukaa kwenye mfululizo uleule wa jumbe zako za zamani za M-Pesa. Ukiingia kutoka namba ya kawaida inayoanza na 07 au 01, huo ni maandishi ya mtu, hata kama herufi zote zimepangwa sawasawa. Skrinishoti ndiyo usiihesabu kabisa. Kuna programu za simu zinazotengeneza picha hiyo kwa kujaza jina na kiasi tu.

Kisha angalia salio. Ujumbe halali hutaja salio jipya, na mlaghai hajui ulikuwa na ngapi. Kama asubuhi ulikuwa na Sh12,400 na ujumbe wa Sh7,600 unasema sasa una Sh9,150, hesabu imekataa. Wauzaji wazoefu husoma pia namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu kumi. Herufi ya kwanza hufuata mwaka (S kwa 2024, T kwa 2025), ya pili mwezi (A ni Januari, J ni Oktoba), na ya tatu siku, ambapo tarehe 1 hadi 9 ni tarakimu zenyewe na tarehe 10 huanza na A. Kwa hiyo namba inayoanza TJ5 ni ya tarehe 5 Oktoba 2025. Njia hii hunasa mvivu aliyenakili ujumbe wa zamani. Mjanja atatunga namba inayolingana na leo, kwa hiyo isikupe imani kupita kiasi.

Kwa mtu anayehudumia kumi kwa mpigo, dawa ni utaratibu. Mtu wa boda haondoki mpaka wewe mwenyewe umeuona muamala kwenye programu ya M-Pesa au kwa kupiga *334#, si kwenye ujumbe. Anayekuambia “nimetuma kutoka benki, itaingia baada ya saa moja” mjibu kwa upole kwamba mzigo nao utatoka baada ya saa moja. Hasira ya mteja wakati huo ni dalili nzuri kuliko zote. Mwenye pesa halisi hana haja ya kukukimbiza.

Ujumbe wenyewe wa ulaghai usambaze kwa 333, bila malipo, ili laini iliyoutuma ichunguzwe.

Nina stoo ya simu Luthuli Avenue. Mteja alichagua simu ya Sh28,000 akasema mjomba wake atalipa. Pesa ikaingia kweli, akaja kijana akachukua simu. Siku mbili baadaye polisi wananipigia, eti nimemtapeli mtu wa Thika. Nimekosea wapi? – Muuza simu

Ndugu, pesa ilikuwa halali na ujumbe ulikuwa halali, lakini mnunuzi hakuwa yule unayemdhania. Tapeli alichukua picha za simu kwenye ukurasa wako, akazitangaza mahali pengine kwa bei ya chini, akapata mnunuzi Thika. Alipoulizwa alipwe wapi, akatoa namba yako. Mtu wa Thika akakulipa akidhani analipia simu yake, nawe ukamkabidhi tapeli simu ukidhani ni ya mjomba. Mmoja hana pesa, mwingine hana simu, na jina pekee lililo kwenye karatasi ni lako.

Usikimbie, na usizime laini. Nenda kwenye kituo kilichokupigia ukiwa na kitambulisho, taarifa ya M-Pesa ya siku hiyo (huombwa kupitia *334# au programu, na hutumwa kwa barua pepe ikiwa na namba ya siri ya kuifungulia), stakabadhi ya simu, namba yake ya IMEI (tarakimu za kuitambulisha simu hiyo pekee), na mazungumzo yote uliyofanya na huyo “mpwa”. Kujipatia mali kwa udanganyifu, chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kunahitaji nia ya kulaghai, na mtu aliyetoa simu ya Sh28,000 kwa Sh28,000 ana la kusema. Hakikisha nawe umeandikisha malalamiko yako mwenyewe na kupewa namba ya OB (daftari la matukio la polisi), ili kwenye daftari uonekane kama mwathiriwa wa pili.

Je, umrudishie pesa yule wa Thika? Wengi hufanya hivyo papo hapo kwa woga, kisha hasara yote inakuwa yao. Ushauri wetu ni kwamba lolote mtakalokubaliana liandikwe na kutiwa sahihi mbele ya afisa anayeshughulikia kesi, likitaja kuwa simu ilichukuliwa na mtu wa tatu. Ukirudisha kimya kimya, kesho inaweza kusomwa kama kukiri kosa.

Kuzuia mchezo huu ni rahisi kuliko kuutatua. Pesa ikiingia kwa jina geni, mpigie mlipaji kabla ya kutoa bidhaa, umuulize mambo mawili: umelipia nini, na nani anakuja kuchukua? Mtu wa Thika angesema ameahidiwa kuletewa simu yake nyumbani, na mchezo ungeishia hapo. Kwa Till (namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara), namba ya mlipaji mara nyingi huja imefichwa tarakimu za katikati, kwa hiyo hapo sharti liwe kwamba anayechukua aonyeshe kitambulisho chenye jina lililolipa, au mlipaji aje mwenyewe. Picha zako pia ziandike jina la duka katikati, si pembeni pa kukatwa kwa urahisi. Kila simu, kabla haijafungwa, bonyeza *#06# uandike IMEI kwenye stakabadhi.

Mteja wangu wa vitenge alilipa, akapokea mzigo, kisha pesa ikazuiliwa kwenye simu yangu. – Mama wa Kawangware

Aliisambaza ile meseji ya malipo kwa 456, njia iliyowekwa kwa ajili ya wanaokosea namba. Ukilipwa kwenye laini yako ya kawaida, kiasi hicho kinaweza kushikiliwa wakati dai linaangaliwa. Piga simu huduma kwa wateja (100, au 200 kwa wanaolipa mwisho wa mwezi), useme unapinga na kwamba bidhaa imetolewa, na uwe na ushahidi wa kupokelewa. Halafu, mama, acha kupokea pesa za biashara kwenye laini ya kibinafsi. Kwa Till au Pochi la Biashara mteja hawezi kurudisha malipo peke yake bila mwenye biashara kuhusishwa.

Kuna ndugu yake mchezo huu: mtu anapiga akilia kuwa amekutumia kimakosa, umrudishie “kwa namba hii nyingine”. Usitume chochote. Mwambie asambaze ujumbe wake kwa 456. Ukimtumia kwa mkono na yeye akaomba pia irudishwe, utakuwa umelipa mara mbili.

Nauza vyondo Marekani. Mteja amelalamika PayPal baada ya miezi minne. Inaruhusiwa kweli? – Msomaji wa Ngong Road

Inaruhusiwa. PayPal humpa mnunuzi siku 180 tangu alipe kufungua lalamiko. Kwa kadi, kanuni za Visa na Mastercard kwa malalamiko mengi ni siku 120. Kwa hiyo karatasi za usafirishaji zitunze angalau miezi sita.

Kinachoamua ni aina ya lalamiko. Akisema mzigo haukufika, au kwamba si yeye aliyelipa, Ulinzi wa Muuzaji wa PayPal unaweza kukukinga, kwa masharti: umetuma kwa anwani ileile iliyo kwenye ukurasa wa muamala, una namba ya kufuatilia mzigo inayoonyesha ulifika, na kwa malipo ya dola 750 au zaidi una sahihi ya mpokeaji. Hapa ndipo wengi huanguka. Mteja akishalipa huandika ujumbe mtamu akiomba kiondo kipelekwe kwa shangazi yake jimbo lingine, nao hukubali. Ulinzi umeisha hapo hapo. Mrudishie pesa kupitia muamala uleule, kisha alipe upya akiwa na anwani ya shangazi.

Akisema kiondo si kama ulivyokieleza, ulinzi huo haukuhusu kabisa. Utabaki na maelezo yako tu, na “kiondo kikubwa cha kupendeza” si maelezo. Andika kipenyo na kimo kwa sentimita, katani au sufi, mpini wa ngozi au la, na useme wazi kwamba rangi za mkono hutofautiana. Piga picha kiondo kikiwa kando ya rula, kisha uzito wa kifurushi kwenye mizani kabla ya kukipeleka Posta au kwa msafirishaji.

Kama unapokea kadi kwenye tovuti yako mwenyewe, mwambie anayekuhudumia awashe uthibitisho wa 3-D Secure, ule unaomtaka mwenye kadi aingize namba ya siri kutoka benki yake. Muamala uliothibitishwa hivyo, dai la “sikununua mimi” kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Dai la “sikupokea” linabaki kwako.

Na mteja akilipa zaidi ya bei, akakuomba ziada umtumie “wakala” wake kwa M-Pesa, kadi hiyo huenda ni ya wizi. Mwenyewe akishtuka, benki itachukua kiasi chote kutoka kwako, pamoja na ile ziada uliyokwisha kuitoa.

Mteja amerudisha simu “mbovu”, lakini iliyorudi si niliyouza. Nimeandika dukani kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. – Kijana wa Eastleigh

Lile bango halikusaidii sana. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka bidhaa iwe ya ubora unaokubalika, na kuandika ukutani hakuiondoi haki hiyo. Kinachokusaidia ni IMEI kwenye stakabadhi. Bonyeza *#06# kwenye iliyorudi, linganisha namba mbele ya mteja, na zikitofautiana mazungumzo yamekwisha.

Nina picha na kitambulisho cha mwanamke aliyenila Sh45,000 za nguo. Naweza kumweka Facebook wengine wajihadhari? – Msomaji wa Kayole

Tunaelewa uchungu, lakini usimweke. Kitambulisho na sura ya mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi Sh1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini. Ukimwanika, anayedaiwa anageuka mlalamishi.

Kwa kuwa unajua ni nani na anapatikana wapi, Mahakama ya Madai Madogo inakufaa. Hushughulikia madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Ya Milimani ilianza kazi Aprili 2021. Kwanza mwandikie barua ya madai ukimpa siku 7 au 14 za kulipa, na utunze uthibitisho kwamba aliipata. Unapofungua dai utahitaji jina lake kamili na mahali pa kumpelekea hati. Ndiyo maana mahakama hii haimfai anayedai tapeli wa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Huyo ni wa polisi, au wa namba isiyolipishwa ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai), 0800 722 203.

Simu yenye mazungumzo usiiuze wala kuifuta. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika, na cheti hicho ni cha kutiwa sahihi nawe mwenye simu. Hamisha mazungumzo yote kama faili, yachapishe na tarehe zake, uandike aina ya simu na siku uliyoyachapisha.