Mtoto wa miezi 11 hana jino: lini pa kuhofia, na kwa nini fizi isiguswe

Mama wa Arua, Uganda, ameuliza mawili: mwanawe ana miezi 11 na hajaota jino hata moja, na jirani anamsukuma ampeleke kwa mzee akamtoe "ebinyo". Naanza na la pili, maana hilo ndilo linaloua.

Kinachoitwa ebinyo, ambacho wenzetu wa Tanzania wanakiita meno ya nailoni, ni chonge za utoto zikiwa bado ndani ya fizi. Pale chonge inapojiandaa, fizi hutuna kidogo na kupauka. Ndivyo ilivyo kwa kila mtoto. Akishikwa na homa au kuhara, mtu anamfungua mdomo, anaona ule weupe, anachimba kwa spoku ya baiskeli au kisu na kumwonyesha mama kitu cheupe, laini kama funza. Ni jino changa, halijapata ugumu wake. Kuhara kunaendelea kama kawaida, ila sasa kuna na kidonda: damu, usaha, pepopunda, hata VVU ikiwa spoku ilipita kwa mwingine. Chonge ya ukubwani nayo inajengeka hapohapo chini, kwa hiyo madhara mengine hujitokeza mtoto akiwa na miaka 9 hadi 12: chonge haioti, inaota imepinda, au inatoka na doa la kahawia.

Meno kuota huleta udenda, kutafuna vidole na usumbufu wa usiku. Homa ya 38 na zaidi tafuta chanzo chake, na kwetu anza na kipimo cha malaria cha kidole; VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, anaweza kukifanya kama hajaishiwa. Anayehara apewe ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), paketi moja kwa lita moja ya maji safi, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 (aliye chini ya miezi 6 apewe 10). Dawa za kupaka za kutia ganzi fizi zenye benzokaini zisitumike kabla ya miaka 2, na asali isipakwe kabla ya mwaka mmoja. Kitambaa kilichochemshwa, kikachovywa maji safi ya mtungini yaliyopoa, kinatosha kumtafunisha.

Sasa kuchelewa. Wengi huota meno mawili ya chini mbele kati ya miezi 6 na 10, lakini kufika mwaka mmoja bila jino bado ni kawaida, hasa kama baba au mama naye alichelewa. Aliyezaliwa njiti hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Miezi 13 ikipita, mpeleke kwa daktari wa meno. Miezi 18 usiahirishe tena. Nenda mapema zaidi ukiona meno yamechelewa na mambo mengine pia yamechelewa: utosi bado mpana, miguu ina matege, hakai wala hasimami kwa wakati, haongezeki uzito. Hapo wanaangalia vitamini D, tezi ya shingo na lishe. Kalsiamu ya kununua dukani bila kupimwa ni kupoteza hela.

Ukiona kipovu cha bluu kwenye fizi, hicho ni jino linalokuja na limefunikwa na majimaji. Kiache, hupasuka chenyewe.

Kabla ya jino, futa fizi kwa kitambaa chenye unyevu. Likitoka tu, hata nusu, mswaki laini mara mbili kwa siku, na ule wa usiku ndio usiokosekana. Dawa ya meno yenye floraidi, angalia boksi liandikwe ppm 1000 au zaidi, kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha cha njegere. Kisoro na Kasese kuna maeneo yenye floraidi nyingi majini, hivyo huko usizidishe hata kidogo, na mwenye zaidi ya miaka 3 afundishwe kutema.

Namna ya kumshika: kaa chini, kichwa chake mapajani mwako, uso ukitazama juu. Kidole kimoja kinainua mdomo wa juu, mswaki unapita pale jino linapokutana na fizi. Wengi wanasugua ncha za meno tu, na uozo unaanzia juu, karibu na fizi. Kila mwezi ukiinua mdomo hivyo tafuta mstari mweupe kama chokaa kando ya fizi: hapo jino bado linaweza kupona kwa mswaki na kuacha sukari. Ukigeuka kahawia, huenda tayari ni tundu.

Chanzo kikuu cha uozo huo ni chupa ya chai ya maziwa yenye sukari au juisi anayolala nayo. Usiku akilala na mate yakapungua, sukari inabaki imeganda kwenye meno ya juu hadi alfajiri. Ndani ya chupa anayolala nayo iwe maji tu, na akifika mwaka anza kumzoesha kikombe. "Yatang'oka tu" si hoja: magego ya utoto yanakaa hadi miaka 10 au 12, na yaking'olewa mapema meno ya jirani yanasogea yakaziba nafasi.

Kituo cha afya cha daraja la nne kwa kawaida kina mhudumu wa kinywa. Nenda na kadi ya chanjo, iwe rahisi kuona uzito wake ulivyopanda.