Maienfeld kwa Heidi: nenda dada, ila mwambie mtoto ukweli

Dada, umeuliza kama umpeleke binti yako Maienfeld kule Uswisi akaone kwa Heidi au ni watalii kupigwa tu. Mi naona nenda, ila mwambie mapema kwamba Heidi hajawahi kuishi, ni mtoto wa kwenye kitabu cha Johanna Spyri cha 1880, yule mama alikuwa na rafiki yake Jenins hapo jirani anaenda kumtembelea ndo akayapenda yale mazingira. Kwahiyo hiyo nyumba ya Heidi mtakayolipia kiingilio ni nyumba ya zamani ya kijijini imepangwa vitu vya kizamani, mbuzi nje, duka la zawadi pembeni. Halafu katuni ya Heidi ya Wajapani ya 1974 ndo ikamaliza kabisa, watu wanapanda ndege toka Asia kuja kupiga selfie na mbuzi, yaani mpaka ukanda mzima wa utalii pale unaitwa Heidiland, jina la mtoto wa hadithi jamani!

Sasa we fanya hivi, shukeni stesheni ya Maienfeld mpande kwa miguu taratibu, mnapita katikati ya mashamba ya zabibu, maana pale watu wanatengeneza mvinyo na hiyo ndo Maienfeld yenyewe. Wahini asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajajaa, na bebeni msosi wenu, bei za Uswisi unazijua. Binti yako atawapenda tu hao mbuzi, mwanangu alikataa kuondoka.